Ni Mboga Tu

Tarehe 4 Mei

Mama Pacha,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nyumba nzima. Simu zangu hupokei, na uliposema hutazipokea nilijua hutazipokea, maana miaka thelathini na minne nimekaa nawe na ukishasema umesema. Kwa hiyo leo nimesogeza bisibisi na mabomba ya shaba pembeni ya meza ya karakana, nimetafuta kalamu, naandika. Barua utaisoma. Mwalimu hawezi kuona karatasi ina maandishi akaipita bila kuitafutia makosa.

Sikuandikii habari ya yale yaliyotokea. Yale tulishayasema, tena kwa sauti, mpaka jirani akazima redio yake apate kusikia vizuri. Nakuandikia habari ya bustani. Maharage machanga uliyoyapanda kabla hujaondoka yamebeba hadi miti imeinama. Njegere nazo zinajaza maganda. Mimi mtu mmoja siwezi kula bustani nzima, na kuviacha vikauke roho imekataa. Nimeona bora nivigandishe, siku ukija uvikute.

Nimechuma ndoo moja ya maharage, nimeosha, nimejaza kwenye mfuko mkubwa, nimefunga, nimetia kwenye friza. Dakika kumi, kazi imekwisha. Sijui wewe ulikuwa unafanya nini jikoni siku nzima.

Friza yako iko salama. Kompresa mpya niliyoitia, hiyo mashine ya kusukuma baridi, haisikiki hata ukiweka sikio.

Msalimie shemeji.

Baba Pacha


Tarehe 9 Mei

Mama Pacha,

Jibu sijaona, lakini nina shida na haiwezi kungoja.

Maharage yametoka kwenye friza yakiwa bonge moja kama tofali. Nikaliweka juu ya meza liyeyuke, nikaenda kazini. Niliporudi meza ilikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa kulikuwa na vitu vinavyofanana na kamba za viatu zilizonyeshewa. Nikasema labda yakipikwa yatajirekebisha. Hayakujirekebisha. Nilikula vijiko viwili kwa heshima yako, basi.

Nikajua friza ina kasoro. Nimeifungua yote. Nimepima ubaridi juu, katikati na chini, nikakuta iko sawasawa. Hata hivyo nikaongeza baridi mpaka mwisho. Nikabadilisha mpira wa mlango, japo ule wa zamani haukuwa na tatizo. Nikatia ndoo ya pili. Imetoka kamba za viatu vilevile.

Mimi nimetengeneza mafriza ya hoteli. Nimetengeneza ya kliniki, ya kiwanda cha maziwa, ya mabucha yote ya mjini. Watu wananiita Fundi Baridi mpaka watoto hawajui kama nina jina. Leo friza ya jikoni kwangu inanicheka. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini hii imezidi.

Wewe umeitumia miaka yote. Niambie ina ugonjwa gani.

Baba Pacha


Tarehe 13 Mei

Fundi,

Friza haina ugonjwa. Irudishie mpira wake, punguza huo ubaridi, acha kuitesa. Aliyekosea ni aliyeijaza.

Nilikuwa nimeamua sitakujibu. Barua zako nilizifungia kwenye droo ya cherehani ya mdogo wangu. Kilichonishinda ni kuyafikiria hayo maharage. Maharage hayana hatia.

Lakini kabla ya maharage, tusijifanye hakuna lililotokea, maana kwa hilo wewe ni bingwa. Mwisho wa Februari nilikwenda kupima macho. Niliporudi mchana nilikuta umeing'oa kompresa ya friza yangu, umempelekea mwenye bucha, kwa sababu ya kwake ilikuwa imekufa na ulishamwahidi haitazima hata siku moja. Mifuko yangu arobaini na mitatu ulikuwa umeitupa kwenye beseni, inavuja. Mavuno yangu ya kwanza tangu nistaafu, kwenye kiwanja nilichokisafisha miaka miwili kukitoa magofu yako ya mafriji. Nililia. Ukaniambia, "Mama Pacha, ni mboga tu, sokoni zimejaa." Wiki iliyofuata ukatia kompresa mpya, ukapiga mluzi, ukadhani yamekwisha. Huo mluzi ndio ulionipandisha basi.

Haya, sasa maharage. Chuma asubuhi, gandisha siku hiyohiyo. Osha, kata ncha, katakata vipande. Bandika maji mengi kwenye sufuria kubwa yachemke kweli, siyo yale ya kunawia mikono. Tia maharage kidogo kidogo, na maji yakianza tena kuchemka hesabu dakika tatu. Toa, tumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu, dakika tatu tena. Chuja, tandaza juu ya taulo safi mpaka yakauke kabisa. Tone la maji lililobaki nje litakuwa barafu. Halafu yapange kwenye sinia yasigusane, yagande hivyohivyo, moja moja. Yakishakuwa magumu ndipo uyatie kwenye mifuko midogo, ukamue hewa, ufunge, uandike ni kitu gani na tarehe. Na siku ya kupika usiyayeyushe mezani. Yatoke kwenye friza, yaingie kwenye sufuria ya moto.

Njegere ni dakika moja na nusu tu. Karoti zilizokatwa, mbili. Matango usithubutu, yatakuaibisha.

Sijasema narudi.

Mwalimu


Tarehe 17 Mei

Mwalimu,

Nimepokea. Sehemu ya maharage nimeisoma mara tatu. Sehemu ya Februari nimeisoma mara nyingi zaidi. Leo nitasema ya maharage.

Nimefuata kila kitu isipokuwa vitu viwili. Cha kwanza, dakika tatu niliziona chache, nikafanya kumi. Cha pili, hatua ya maji ya barafu niliiruka kwa makusudi. Nilijiuliza, huyu mwanamke ana friza nzima pembeni yake, kwa nini ahangaike kupoza kwa beseni? Kupoza ndiyo kazi ya friza. Hiyo kazi imenilisha miaka arobaini, nitaidharau leo?

Nikatia sinia la maharage ya moto ndani, mvuke ukapanda hadi miwani ikawa nyeupe. Baada ya saa moja kuta za friza zimeota ndevu za barafu, mashine inahema kama mtu aliyepanda ghorofa sita, na maharage yanaendelea kujipika yenyewe humo humo kwenye baridi. Yalipoganda yalikuwa uji. Najua utasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lisemwe, nimelistahili.

Jambo jingine. Nimemenya njegere. Nilidhani ni kazi ya kufanya huku ukisikiliza taarifa ya habari. Taarifa ikaisha, mpira ukaanza, mpira ukaisha, nikatazama bakuli: halijajaa. Nikatazama gunia: halijapungua.

Uliwezaje kumenya za ile mifuko yako kumi na tano?

Baba Pacha


Tarehe 21 Mei

Baba Pacha,

Mdogo wangu amekuja mbio kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni, kuuliza kama nalia. Nilikuwa nacheka. Nilipofika kwenye ndevu za friza nilishindwa kuendelea.

Nakujua, huelewi kitu mpaka kiwe na mabomba, basi nakueleza kwa mabomba. Ndani ya kila kipande cha maharage kuna maji, yamo kwenye vimabomba vidogo visivyohesabika. Yakiganda polepole, barafu hufanya chembe kubwa zenye ncha, zinavitoboa vyote. Ukipika maji yote yanavuja, unabaki na kamba za viatu. Yakiganda haraka, chembe zinakuwa ndogo na mabomba yanabaki mazima. Ndiyo maana unapoza kwanza, unakausha, unatandaza: ili friza isiwe na kazi nyingine ila moja, kugandisha upesi. Nayo yale maji ya moto ni ya kuizima mboga. Hata ikishachumwa inaendelea kuiva na kuzeeka, mpaka uizime. Dakika tatu zinaizima. Dakika kumi zinaizika.

Umeona? Ni kazi yako hiyohiyo. Miaka yote tumeifanya chini ya bati moja, na hukuwahi kuniuliza.

Uliuliza niliwezaje kumenya za mifuko kumi na tano. Niliweza kwa kuketi.

Sasa nina jambo, na sitalizungusha. Kituo cha akina mama cha huku kwa mdogo wangu kimeniomba niwafundishe kuhifadhi vyakula. Ni mwaka mzima, na chumba cha kulala wananipa. Nimekwenda kukiona mara mbili. Kina meza na dirisha linalofunguka. Nimewafundisha kwa majaribio siku tatu, wanawake ishirini, na kila ninachosema wanakiandika. Mmoja aliniuliza swali, nikajibu, akasema, "Kumbe!" Baba Pacha, hilo "kumbe" nililichukua mpaka kitandani. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia la kwako.

Wanataka jibu tarehe mosi Juni. Sikutishi. Hata nikiwa na hasira sijawahi kukuficha kitu, na sitaanza uzeeni.

Mama Pacha


Tarehe 25 Mei

Mama Pacha,

Barua yako imenikuta nimepanda ngazi hotelini, nikaisomea hukohuko juu. Niliposhuka meneja akaniuliza kama nimepigwa na umeme.

Nianze na kazi. Maharage yamekubali. Dakika tatu nikitazama saa, sikuongeza hata pumzi. Maji ya barafu nilitengeneza mwenyewe, barafu ya karakana, beseni mbili. Kwenye kukausha taulo zote zililowa nikakosa nyingine, nikaleta ile feni ya kukaushia mitambo, nikatandaza maharage juu ya wavu wa friji la zamani, feni ikipuliza kwa chini. Yamekauka kabla sijamaliza chai. Nakuomba hili ulifikirie kwa darasa lako. Asubuhi yaligonga sinia kama kokoto, kila moja peke yake. Niliyapika bila kuyayeyusha. Nilipouma yakalia. Nilisimama jikoni peke yangu nikasema kumbe, kwa sauti. Pengine hukusikia, ndiyo nakuandikia.

Sasa lingine. Ulisema niandike jina na tarehe. Nikafungua kopo lako la kalamu kutafuta vikaratasi. Chini kabisa nikakuta vya zamani, arobaini na vitatu. Ulivibandua kwenye mifuko ile, ukavikausha, ukavifunga na uzi. Nisamehe, nimevisoma. Miaka yote nilijua unaandika kitu juu ya mifuko, nikadhani ni "njegere" na "karoti."

"Njegere. Tarehe 6 Desemba. Amepita akadokoa kiganja kizima, anadhani sikumwona."

"Karoti. Tarehe 19 Desemba. Pacha wamepiga simu wote siku moja, bila kuambizana."

"Maharage. Tarehe 11 Januari. Mvua imemzuia kwenda kazini. Tumekaa jikoni hatukusema kitu. Raha."

Na hiki: "Njegere, zile ndogo tamu. Tarehe 2 Februari. Hizi zisiguswe. Za siku atakapofunga karakana, tule bila haraka."

Hizo ndizo nilizozitia kwenye beseni ili nyama ya mwenye bucha isiharibike.

Mke wangu, nilikosea. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi wako sikuwahi hata kuunyanyua nikajua uzito. Nilisema ni mboga tu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa na mtu mwingine. Ulikuwa unalia mbele yangu nami nasikiliza kama mashine ya bucha imewaka. Hilo la mwisho hukulijua. Nakwambia sasa kwa sababu na wewe hunifichi kitu. Naona aibu, na aibu hiyo ni halali yangu.

Kuhusu kituo. Kama moyo wako uko huko, kubali. Nitakuletea sufuria yako kubwa mwenyewe, na lile chujio, usije ukafundishia vyombo vya kuazima. Sitasema rudi. Ninalitaka sana, lakini sitalisema.

Mumeo


Tarehe 29 Mei

Mama Pacha,

Leo naandika kifupi. Nimekutumia boksi kwa basi la asubuhi. Kuta zake ni sponji ya friza na nimezungushia barafu ya chumvi, kwa hiyo maharage yatafika magumu. Hapo nakuhakikishia, ndiyo kazi yangu. Lakini yakilegea kwenye sufuria lawama ni ya mikono yangu. Yaonje, uniambie ukweli wa mwalimu.

Sina habari nyingine. Juma hili limepita tu.

Mumeo


Tarehe 29 Mei

Kwa Mheshimiwa Mwalimu, mke wa Fundi Baridi,

YAH: TABIA YA MUMEO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenye bucha wa pale kwenye njia panda, ambaye unanifahamu vizuri, na ambaye sijawahi kukuuzia nyama ya jana.

Mama, nakuandikia kwa masikitiko. Jumamosi iliyopita friza langu lilizima tena, nami siku hiyo nina ng'ombe mzima na nusu. Nikaenda kwa Fundi kama kawaida yetu. Nikamwomba anichomolee ile kompresa ya jikoni kwako, siku mbili tu, kama alivyonifanyia safari ile. Mama, mumeo alisimama mlangoni mwa jikoni, mkono huku na mkono huku, kama golikipa. Akasema, "Haitoki. Ina mboga za mke wangu."

Mimi nikamwambia, kwa nia njema kabisa, "Lakini Fundi, si ni mboga tu?"

Sijawahi kumwona mtu yule amekasirika. Hata alipoangukiwa na friji mguuni alicheka. Siku hiyo aliingia ndani, akatoka na sinia na gunia. Akaniambia, "Kaa hapo. Menya kilo moja ya njegere, halafu urudie hilo neno." Nilidhani ni mzaha. Mama, haukuwa mzaha. Nimemenya. Mimi, mtu mzima, mwenye bucha yangu, na wateja wanapita barabarani wananiona. Kucha zimekuwa za kijani hadi leo. Nilipomaliza akaniuliza kama bado nina la kusema. Nikasema sina. Na kompresa bado hakunipa!

Haki isemwe: alikuja dukani na barafu mikokoteni miwili, akailaza nyama yangu kwenye barafu, akalala chali chini ya friza langu Jumamosi hiyo yote na Jumapili mpaka jioni, akaliamsha. Nyama haikuharibika hata kilo. Lakini je, hiyo ndiyo namna ya kutendea rafiki?

Nakuomba uzungumze naye. Hakuna mwingine anayemsikiliza ila wewe.

Wako mtiifu,
Mwenye Bucha


Tarehe 31 Mei

Ndugu Mwenye Bucha,

Malalamiko yako nimeyapokea, na nimeyasoma mara tatu kwa makini.

Pole kwa kucha. Ndimu itazisafisha.

Umeandika kwamba hakuna mwingine anayemsikiliza ila mimi. Wiki tatu zilizopita ningekubishia. Leo sikubishii. Nakushukuru kwa barua hii kuliko unavyoweza kufikiri, na nakuomba jambo moja tu: usimwambie kwamba uliniandikia. Yeye hakuniambia neno hata moja.

Mwalimu


Tarehe 3 Juni, juu ya meza ya jikoni

Mume wangu,

Nimefika saa nne. Mlango umeufunga kwa komeo moja kama kawaida, na jirani anasema umekwenda kiwanda cha maziwa. Mwache mtu afanye kazi yake. Nimechukua karatasi nikuandikie hivyohivyo, mkono umeshazoea.

Maharage yalifika magumu kama mawe. Niliyapika siku hiyohiyo, na chumvi tu, nikajifungia jikoni kwa mdogo wangu. Yalilia. Nilikula sahani yote peke yangu, yeye nikambakizia vipande vitano, na kwa hivyo vitano amenidai mpaka stendi. Ukweli wa mwalimu ni huu: ncha hukuzikata sawa, lakini kazi ni safi.

Mwenye bucha ameniandikia kukushtaki. Nilimwomba asikwambie, mimi mwenyewe nimeshindwa kukaa nalo hata siku nne. Mzee wewe. Ulilala chini ya friza la watu siku mbili kwa sababu ya mfuko wa maharage, ukaniandikia kwamba juma limepita tu. Kama ungenisimulia ningedhani unatafuta alama. Hukusimulia, ndiyo nikaamini.

Kituo nimewajibu. Kazi nimeichukua, siyo kama walivyotaka wao. Nitakwenda wiki ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia Julai, na wiki hiyo utajipikia mwenyewe. Zilizobaki nitakuwa hapa. Chumba wampe mwingine. Kile chumba kilikuwa kizuri, nisikudanganye, na nilipokikataa roho iliniuma kidogo. Sikukikataa kwa kukuonea huruma. Ile wiki ya kwanza nilipokuwa nakuandikia kwa ukali nilikuwa nashika kalamu huku nasikiliza lango, kama mtu anayengoja mgeni. Nilikukumbuka sana. Kwenye barua zote sikuliandika hilo, na mimi ndiye niliyejisifu kwamba sifichi kitu.

Nimefungua friza. Mifuko thelathini na moja. Nimesoma ulivyoandika juu yake, mmoja mmoja, mpaka vidole vikafa ganzi. Huo wa juu kabisa, wa tarehe 26, ulioandika "Njegere. Leo nyumba ni kubwa mno," nimeuweka pembeni. Huo tutaupika leo.

Ukisoma hii usitafute kalamu. Niko bustanini. Njoo uniite kwa mdomo wako.

Mkeo